Siku moja Lamu, peke yako, kutazama sanaa wakati wa korona

Dada mmoja anayefundisha shule ya msingi huko Mpeketoni, upande wa bara wa kaunti ya Lamu, ameniandikia. Anaishi na mama yake mzee mwenye kisukari. Amepata siku moja ya mapumziko katikati ya muhula na anatamani kuvuka kwenda Lamu kutazama sanaa kwenye makumbusho, peke yake, bila wanafunzi wa kuchunga wala rafiki wa kumharakisha. Anauliza kama ni busara kufanya hivyo wakati wa korona, aanzie wapi, na kama kuna cha kumtosha siku nzima mtu anayependa sanaa kuliko tarehe za wafalme. Mwisho ameuliza kama mwanamke akizunguka mji peke yake atasumbuliwa.

Dada yangu, nenda. Ila nenda kwa mpango, na mpango wenyewe uanzie kwa mama, maana naona hilo ndilo linalokukosesha usingizi.

Korona huenea kwa pumzi. Palipo na watu wengi, madirisha yamefungwa, watu wanazungumza na wanakaa muda mrefu, hapo ndipo hatari ilipo. Ukiipima safari yako kwa kipimo hicho, utaona makumbusho yenyewe ndiyo sehemu nyepesi. Kisa cha kwanza kilipotangazwa nchini tarehe 13 Machi 2020, wageni walipungua sana, na siku ya katikati ya wiki unaweza kujikuta chumba kizima ni wewe na mlinzi, naye amesimama mlangoni. Penye kazi ni gari la kukutoa Mpeketoni hadi Mokowe, kwenye gati la bara. Sheria ya korona ilitaka magari yabebe abiria pungufu ya viti, lakini wewe na mimi tunajua utingo anavyohesabu watu kukishapambazuka. Panda gari la mapema, kaa dirishani, fungua kioo, na barakoa usiishushe kidevuni hata joto likikuzidi. Wakianza kushindilia abiria, shuka usubiri jingine. Usione haya. Nauli ya gari moja haina thamani ya kumwambukiza mzazi.

Mokowe utapata boti za abiria. Hapo tumia akili ya baharini: kaa upande unaopokea upepo, mbele ikiwezekana, usijibanze nyuma chini ya turubai walikosongamana wenye mizigo. Wakati wa kaskazi upepo ni mzuri na bahari ya mlango wa Lamu imetulia, kwa hiyo hata asiyezoea maji anaweza kukaa nje bila kuogopa. Lipa kwa simu ili pesa zisipite mikono mingi.

Ukirudi, kumbuka kwamba dalili za ugonjwa huu kwa kawaida hujitokeza siku chache baada ya kuambukizwa, na zinaweza kuchelewa hadi siku ya 14. Kwa kipindi hicho kaa na mama barazani badala ya chumbani, vaa barakoa unapomhudumia, na kama kuna jirani au ndugu anayeweza kumshika mkono anapokwenda kuoga, mwombe akusaidie. Kama huna nafasi ya kufanya hayo nyumbani, hapo ningekwambia uahirishe. Hiyo ndiyo sababu moja tu ambayo ningeikubali.

Sasa sanaa. Watu wengi wanaokuja Lamu kwa siku moja hukimbia kutoka mlango mmoja hadi mwingine, wakifika jioni wamepiga picha mia na hawakumbuki chumba hata kimoja. Wewe una masaa matano au sita ya maana kati ya kufunguliwa milango na boti ya kurudi. Ningependa utazame sehemu mbili kwa utulivu, ya tatu upumzike ndani yake, na nyingine uziache.

Anza na Makumbusho ya Nyumba ya Kiswahili, kule mtaa wa Mkomani, na ufike yanapofunguliwa tu. Nina sababu mbili. Kwanza ndiyo nyumba ndogo kuliko zote, na vyumba vyake vya ndani havina madirisha ya barabarani, kwa hiyo ni heri uingie kabla ya mtu mwingine hajapumulia humo. Pili, mwanga wa asubuhi unaoingia kupitia uani ndio unaozionyesha nakshi za ukutani vizuri.

Nyumba hiyo ni ya karne ya 18, na nje haikwambii kitu. Ukuta wa mawe ya matumbawe na chokaa, mlango, daka (kibaraza cha mlangoni) lenye viti vya kujengea pande zote mbili, basi. Mwenye mali wa enzi zile hakuiweka fahari yake njiani. Ukishapita daka unakunja kona, na kona hiyo imewekwa makusudi ili anayepita nje asione ndani hata mlango ukiwa wazi. Halafu unatokea kiwanda, yaani ua wa ndani usio na paa, ambao ndio pua na mdomo wa nyumba nzima. Simama hapo kwanza. Hewa yote ya vyumba inaingilia na kutokea hapo.

Kutoka kiwandani vyumba vinafuatana kwenda nyuma: msana wa tini (ukumbi wa chini), msana wa yuu (ukumbi wa juu), kisha chumba kinachoitwa ndani. Tazama miguu yako unapotembea. Kila chumba kimeinuliwa kidogo kuliko kilichotangulia, unapanda bila kujua kwamba unapanda, na kadiri unavyoingia ndivyo pambo linavyozidi. Vyumba ni virefu lakini vyembamba sana, kama mita mbili na nusu hivi kwa upana, na sababu yake utaiona ukiinua macho: dari imeshikwa na boriti za mikoko, na mkoko hautoi gogo refu lililonyooka na lenye nguvu ya kubeba sakafu ya chokaa zaidi ya kipimo hicho. Mti wa pwani ndio uliompa fundi upana, naye akajitafutia uzuri kwenye urefu.

Kisha uje mbele ya zidaka. Huu ni ukuta mzima uliochongwa vidaka, safu juu ya safu, kila kimoja na upinde wake mdogo, na lipu ya chokaa iliyokatwa nakshi kwa kisu. Humo zilipangwa sahani za Kichina, bakuli, vitabu. Wapo wazee wanaosimulia kwamba vyombo vile vilivyong'aa vilikuwa na kazi ya pili, kulipokea jicho la hasidi kabla halijamfikia mwenye nyumba.

Hapa ndipo ninapotaka ukae. Toa penseli (kalamu ya wino iache mkobani, makumbusho mengi hayaipendi karibu na vitu), chagua mstari mmoja tu wa nakshi unaozunguka kidaka kimoja, uuchore. Utadhani ni rahisi kwa sababu umbo linajirudia. Fuata hadi kwenye kona. Fundi alikuwa anakata chokaa kabla haijakauka, hana muda wa kupima upya, na umbo alilokuja nalo kutoka upande wa kushoto halikubali kuenea sawasawa kwenye nafasi iliyobaki. Angalia alichofanya: amelibana jani, au ameongeza nukta mahali pasipokuwa na nukta, au amelipinda ua kidogo ili lilale upande. Mtu aliyepita mbio haioni kona hiyo. Mwalimu wa sanaa akiiona, ana somo la wiki nzima: wape wanafunzi ukanda wa karatasi na umbo moja la kurudia, halafu waache wapambane na kona wenyewe.

Nyuma kabisa kuna chumba kinachoitwa nyumba kati. Humo ndimo wanawake walimojifungulia, na humo maiti waliandaliwa kabla ya kutolewa. Katika nyumba za namna hii mzazi alitimiza arubaini yake, na mjane alikaa eda yake ya miezi minne na siku kumi. Ndiyo maana nakwambia usiikose nyumba hii. Sisi wakati wa korona tulifungiwa miezi, tukalalamika, tukazichukia kuta zetu. Nyumba hii ilijengwa na watu waliojua kwamba kila familia itapata zamu yake ya kukaa ndani muda mrefu, na wakaupeleka uzuri wao wote kule atakakokuwa mtu asiyeweza kutoka. Pambo kubwa kuliko yote halikuwekwa mbele ya mgeni, limewekwa mbele ya mzazi na mgonjwa. Hilo huwezi kulihisi ukiwa na kundi la watu kumi wanaosukumana mlangoni. Peke yako, kwa dakika ishirini za kimya, utalihisi.

Kuna jambo lingine dogo kwenye nyumba za zamani za Lamu linalofaa kutazamwa na macho ya wakati wa korona, nalo ni birika la maji chooni. Walifuga samaki wadogo ndani yake ili wale viluwiluwi vya mbu. Na mara nyingine fundi alipachika bakuli la Kichina chini kabisa ya birika, ili maji yakiisha samaki wabakiwe na kidimbwi cha kuishi hadi birika lijazwe tena. Ndani ya bakuli hilo moja uzuri na afya vilikuwa kazi ya fundi yule yule. Unajua vizuri kwamba maradhi ya mlipuko si mageni kwetu. Mwaka 2004 homa ya chikungunya, inayoenezwa na mbu, iliingia Lamu wakati wa ukame, mitungi na mapipa ya majumbani yakawa hayamwagwi wala kusuguliwa mara kwa mara kwa sababu maji yalikuwa adimu, mbu wakazaliana humo humo. Uchunguzi wa damu uliofanywa baadaye ulikadiria kwamba watu kama 3 kati ya kila 4 kisiwani walikuwa wameambukizwa. Mwaka uliofuata homa hiyo ikalipuka Ngazija, huko Komoro, na visiwa vingine vya Bahari ya Hindi. Wazee wetu walikuwa na samaki birikani, sisi tulikuwa na pipa la plastiki.

Ukitoka Mkomani shuka kuelekea forodhani, kwenye Makumbusho ya Lamu yenyewe. Jengo ni la mwishoni mwa karne ya 19, waliwahi kukaa humo maofisa wa Kiingereza, na likafunguliwa kuwa makumbusho mwaka 1971. Linatazama bahari, upepo unapita, vyumba ni vikubwa kuliko vya Nyumba ya Kiswahili, hivyo hata wakiwemo watu wawili watatu hutabanwa.

Humo kuna vingi: viti vya enzi vya mpingo vilivyopambwa kwa pembe, vito vya fedha, kofia za kushonwa kwa mkono, mifano ya vyombo vya baharini pamoja na mtepe, ule uliofungwa mbao kwa kamba za makumbi bila msumari hata mmoja. Tazama mtepe, dakika tano zinatosha. Kisha nenda kwenye siwa na usihame.

Siwa ni baragumu kubwa la sherehe. Ile ya Pate, kisiwa jirani, ni ya pembe ya ndovu, ina urefu wa zaidi ya mita 2, na ile ya Lamu ni ya shaba iliyomiminwa. Zilipulizwa harusi za koo kubwa, zilipulizwa mtawala anapotawazwa. Mwanzoni utaona urefu tu, kwa sababu ndio unaoshtua. Sogea pembeni utafute tundu la kupulizia: lipo ubavuni, siyo nchani kama filimbi. Mpulizaji alilishika baragumu likiwa limekingama mbele yake, mwili wake wote ukaonekana. Kwa hiyo aliyechonga alijua kwamba siwa itatazamwa kwa ubavu na umati mzima, na nakshi zake amezipanga kwa kufuata hilo. Linganisha hizo mbili. Pembe imekatwa, kila mstari ni kitu kilichoondolewa na hakirudishiki. Shaba imemiminwa katika umbo lililotengenezwa kwanza kwa nta, kwa hiyo fundi alipata nafasi ya kurekebisha kabla ya moto. Tofauti hiyo inaonekana kwenye kingo za nakshi, na ukishaijua utaitambua kwenye kila kitu cha Lamu, kuanzia kito hadi mlango. Kwangu mimi siwa ya Pate ndiyo kazi bora kuliko zote zilizobaki pwani yetu, na ningevuka bahari kwa ajili yake hata kama makumbusho yasingekuwa na kitu kingine.

Saa sita ikikaribia, tafuta chakula, lakini usiingie kwenye mkahawa mdogo wenye meza zilizogusana. Kula ndipo watu wanapovua barakoa na kucheka, na hapo ndipo ulinzi wako wote wa asubuhi unapoweza kupotea. Nunua mkate wa mofa na samaki, au mahamri na mbaazi, chukua na juisi ya ukwaju kwenye chupa yako, ukae ukingoni mwa bahari.

Sehemu ya tatu, ya kupumzika, ni Ngome ya Lamu, iliyoko Mkunguni. Ilijengwa kati ya 1813 na 1821, baada ya vita vya Shela, kijiji jirani kisiwani humu, Sayyid Said, mtawala wa Omani, alipokuwa ameanza kuweka mkono wake hapa, na kuanzia 1910 hadi 1984 ilikuwa jela. Maonyesho yake hubadilika, kwa hiyo siwezi kukuahidi utakuta nini. Lakini ua wake ni mpana na uko wazi juu, vivuli vya kuta zake vinapoza, na mahali pazuri zaidi kwa mtu aliye peke yake kukaa na kuipitia michoro yake ya asubuhi sijapaona Lamu. Panda juu ukiweza. Uwanja wa Mkunguni wenyewe una soko pembeni na watu hawakosi, upite kwa haraka.

Posta ya Wajerumani, iliyofanya kazi kuanzia 1888 hadi 1891, iache. Inasimulia vizuri siku zile Wajerumani walipoitumia Lamu kama mlango wa kuingilia Witu, lakini chumba ni kidogo na wewe umekuja kwa sanaa.

Badala yake, muda uliobaki uutumie njiani. Mji Mkongwe wa Lamu uliingia kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2001, na milango yake ni maonyesho yasiyo na tiketi wala paa, jambo ambalo wakati wa korona ni neema. Chagua mitatu au minne. Tazama mfaa, ule mti wa katikati, kisha ubao wa juu, kisha fremu, kwa mpangilio huo, kwa sababu fundi aliweka kazi yake nzito kwenye mfaa na juu. Lamu ilikuwa na watu kama Muhammad Kijumwa, aliyefariki miaka ya 1940, ambaye alikuwa mchonga milango, mwandishi wa khati (maandishi mazuri ya Kiarabu) na mshairi pia. Ukijua kwamba mkono uliochonga ndio ulioandika khati, utaanza kuiona mistari ya mbao ikipanda na kushuka kwa mwendo wa kalamu. Usita wa Mui, ile njia kuu, una msongamano, hasa punda wa mizigo wanapopishana na wapita njia. Ingia vichochoro vya Mkomani, na mtu akija mbele yako simama kwenye daka la jirani apite. Hiyo ni adabu ya Lamu tangu zamani.

Kuhusu kusumbuliwa: utakutana na vijana pale gatini watakaokuambia makumbusho yamefungwa, au njia imepotea, na kwamba wao ndio watakaokupeleka. Salimia vizuri, sema, "Ahsante, nina mwenyeji wangu ananisubiri," uendelee na safari bila kusimama. Wewe ni wa hapa hapa kaunti, Kiswahili chako kitakutetea. Leso begani au mtandio kichwani vitakurahisishia mambo, maana mji ni wa Kiislamu na watu wanaheshimu anayewaheshimu. Ukipotea, muulize mama aliyekaa barazani au mzee anayetoka msikitini. Peke yako utapata hata faida moja: walinzi wa makumbusho huongea zaidi na mgeni mmoja anayechora kuliko na kundi. Waulize maswali ukiwa umesimama uani, kila mtu na barakoa yake. Wengi wao wamezaliwa kwenye nyumba za namna ile ile unayoitazama, na watakwambia chumba gani bibi yao alikuwa haruhusu watoto waingie.

Epuka Ijumaa, kwa sababu mchana mji wote uko msikitini na shughuli husimama. Epuka na Jumamosi. Mchana usichelewe: pigia hesabu barabara. Vuka kurudi Mokowe kabla ya saa tisa alasiri ili upate gari lenye nafasi na ufike nyumbani kungali mchana.

Ukiamka siku hiyo una mafua, kikohozi au joto mwilini, baki nyumbani hata kama unaamini ni vumbi tu, kwa ajili ya walinzi wale na wazee wa Mkomani. Na siku moja kabla ya safari piga simu ofisi ya makumbusho uulize kama milango yote miwili, ya forodhani na ya Nyumba ya Kiswahili, itafunguliwa. Wakikwambia Nyumba ya Kiswahili imefungwa, sogeza safari hadi siku itakapofunguliwa.